Uwanja Huru ni wa Nani?

Katika msamiati wa soka letu sijui kama kuna maneno mawili yanayosemwa kwa uzembe kama haya: uwanja huru. Shirikisho likitangaza kwamba mechi itapigwa mahali ambapo hakuna timu iliyo nyumbani, watangazaji wanayarudia, magazeti yanayachapa, na mjadala unaishia hapo. Huru kutoka kwa nani? Huru kwa ajili ya nani? Hakuna anayeuliza. Mimi nauliza, na nauliza mbele ya watu wanaojali maneno, kwa sababu kwenye maneno haya mawili kuna haki ya watu wengi imefichwa, na naona inachukuliwa polepole huku tukipiga makofi.

Tuanze na jambo ambalo kila dereva wa bodaboda analijua. Zikitajwa Simba na Yanga, nchi hii haina uwanja usio na upande. Moja ilianzishwa 1935, nyingine 1936, zote Dar es Salaam, lakini leo nenda Nkasi, nenda Ngara, nenda Tandahimba, utakuta nyumba ambayo baba ni wa kijani, mama ni wa nyekundu, na mtoto analazimishwa kuchagua kabla hajaota meno. Kwa hiyo anayesema mechi inapelekwa mkoani ili "pasiwe na upendeleo" anatuchekesha. Pande zote mbili zilishafika huko miaka mingi iliyopita, kwa redio.

Sasa kama uwanja huru hauna maana ya kutokuwa na upande, una maana gani? Inabaki moja tu, na kwangu ndiyo iliyo bora. Mechi ya ligi ina mwenyewe. Coastal Union ikicheza nyumbani, mechi ile ni ya watu wa Tanga, na mtu wa Tanga ana haki ya kuiona bila kupanda basi. Fainali ya kombe haina mwenyewe. Haijulikani mwanzoni mwa msimu itakuwa ya nani, na ikifika haimo kwenye ratiba ya nyumbani ya klabu yoyote. Kitu kisicho na mwenyewe, katika jamii yenye akili, huwa cha zamu. Kisima cha kijiji ni cha zamu. Josho la ng'ombe ni la zamu. Fainali nayo ni ya zamu, na uwanja huru ni jina la utaratibu huo wa zamu.

Na haya si maoni ya mwota ndoto. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunafanya hivyo. Kombe la Shirikisho liliporudishwa msimu wa 2015/16, fainali ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam. Baada ya hapo likaanza kutembea. Mwaka 2017 lilikwenda Dodoma, Simba ikaifunga Mbao 2-1. Mwaka 2018 likaja Arusha, Mtibwa Sugar ikaishinda Singida United 3-2. Mwaka 2019 likashuka Lindi, uwanja wa Ilulu, Azam ikaifunga Lipuli 1-0. Mwaka 2020 likapanda hadi Sumbawanga, Simba 2, Namungo 1. Hebu simama hapo kidogo. Sumbawanga! Mji ambao wengi wetu tuliufahamu kwa mahindi na kwa hadithi za uchawi zisizo na mbele wala nyuma, siku moja ya Agosti ukawa ndio mji mkuu wa mpira wa Tanzania.

Kisha ikaja Kigoma. Julai 25, 2021, Simba na Yanga zenyewe, fainali, Uwanja wa Lake Tanganyika. Mechi kubwa kuliko zote nchini ikachezwa mahali reli inapoishia. Yanga ikabaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kupewa kadi nyekundu, na Taddeo Lwanga, Mganda, akafunga kwa kichwa bao pekee la siku hiyo. Mimi sikuwepo, lakini nimewahi kuongea na watu waliokuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeanza kunisimulia kwa bao. Wote walianza kwa kusema walivyofika: aliyekuja kwa mtumbwi, aliyelala stendi, aliyepishana na msafara wa basi la timu akasema sasa hata nikikosa tiketi basi. Mechi ile waliiweka ndani ya maisha yao kama mtu anavyoweka mwaka wa harusi.

Mwaka 2022 kombe likarudi Arusha, Yanga na Coastal Union zikafungana 3-3 na kumalizana kwa penalti. Mwaka 2023 likaenda Mkwakwani, Tanga, Yanga 1, Azam 0. Miji sita ndani ya miaka saba. Nani alikuwa analalamika?

Mwaka 2024 ikawa zamu yetu. Fainali ilipangwa Babati, makao makuu ya mkoa wa Manyara, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Baadaye ikahamishwa. Juni 2 Yanga na Azam zikacheza New Amaan, Zanzibar, dakika 120 bila bao, Yanga ikachukua kombe kwa penalti 6-5. Mwaka 2025 fainali ikachezwa New Amaan tena, Yanga 2, Singida Black Stars 0. Mara mbili mfululizo, uwanja uleule. Zamu ikawa imekufa, na hatukuisomea hata dua.

Nieleze kwa nini jambo hili linanikera mimi hasa. Natoka Endagikot, nje kidogo ya mji wa Mbulu, juu kwenye tambarare. Kutoka kwetu kwenda Babati unashuka ukingo wa Bonde la Ufa, na kama ni masika unashuka huku unasali. Lakini ni safari ya mtu wa kawaida: unaondoka alfajiri, unaona mechi, ukichelewa unalala kwa shemeji. Kutoka Endagikot kwenda New Amaan ni siku nzima ya basi hadi Dar es Salaam, kulala, boti, kulala tena, halafu kurudi. Mkulima wa vitunguu saumu haendi. Mwalimu wa shule ya msingi haendi. Anayekwenda ni yule ambaye hata ingechezwa Dubai angekwenda.

Sisi wengine tunakwenda kibanda umiza. Nakiheshimu kibanda umiza, kimenilea. Kwetu nyumbani lugha ni Kiiraqw, na Kiswahili changu cha kwanza nje ya darasa kilitoka kwa watangazaji wa mpira. Nilipomsikia mmoja akipaza sauti kwamba mpira umegonga mtambaa panya, nilijiuliza wiki nzima panya wanafanya nini uwanjani. Mpira ndio ulionifundisha kwamba lugha hii ina dari, ina boriti, ina nyumba nzima ndani yake. Lakini kuna tofauti kati ya kusimuliwa nyumba na kukaribishwa ndani. Vizazi vitatu vya watu wa Mbulu vimesimuliwa. Babu yangu alisimuliwa na redio ya mbao, baba na redio ya plastiki, mimi na runinga ya kibandani. Fainali ya Babati ingekuwa karibu hodi ya kwanza.

Tena sisi si watu wageni kwenye michezo. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968 na bado akaimaliza, akiwa wa mwisho, giza limeshaingia. Watu wa huku tumezoea kwenda. Tunakimbia Boston, Tokyo, popote palipo na mstari wa kuanzia. Madini ya tanzanite yanachimbwa mkoa huu huu, Mererani, yanazunguka dunia yakiwa shingoni mwa watu. Kila kitu cha Manyara kinajua kusafiri. Ninachodai ni kwamba mara moja tu, kitu kikubwa kisafiri kuja huku.

Kuna lingine, nalisema kwa uangalifu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa wiki kadhaa jina la mkoa wetu lilitajwa kwenye kila taarifa ya habari. Fainali iliyopangwa Babati ingekuja miezi sita baadaye. Sisemi mpira unafuta msiba, na mtu akiniambia hivyo nitamfukuza. Ila nasema mkoa uliotajwa nchi nzima kwa kilio ulistahili kutajwa nchi nzima kwa kelele za goli, na nafasi hiyo ilikuwepo mezani, ikaondolewa.

Najua majibu yao, nimeyasikia kwenye vyumba vya habari nilivyofanya kazi. La kwanza: uwanja. Eti mikoani viwanja havifai. Sawa, kwa viwanja vingine ni kweli. Lakini Tanzanite Kwaraa hiyo hiyo ilikuwa uwanja wa nyumbani wa Fountain Gate msimu wa 2024/25. Simba ilikuja Februari ikatoka sare ya 1-1. Yanga nayo ilikuja. Na Mei 31, 2025, nusu fainali ya kombe hili hili ilichezwa hapo hapo, Singida Black Stars ikaichapa Simba 3-1. Sasa nifafanulieni taratibu: uwanja unafaa kumtoa Simba kwenye nusu fainali, lakini haufai kwa fainali? Nyasi zinajua tofauti?

La pili: hoteli, uwanja wa ndege, taa, mapato. Hili angalau lina mifupa. Fainali ni biashara, mdhamini anataka picha nzuri, na New Amaan baada ya kukarabatiwa inatoa picha nzuri kweli. Lakini kama kigezo ni hoteli na ndege, basi tuwe wakweli, tuseme fainali itakuwa ya miji mitatu au minne milele, na tuache kutumia neno huru. Lindi na Sumbawanga zilikuwa na hoteli ngapi? Watu walilala kwa ndugu, wenyeji wakauza chai na maandazi usiku kucha, na kombe lilikabidhiwa. Mapato yaliyoingia kwenye mifuko ya mama lishe wa Sumbawanga hayakuonekana kwenye hesabu ya getini, ndiyo maana wakubwa hawayahesabu.

La tatu ndilo zito: Zanzibar nayo si sehemu ya nchi? Ni sehemu, na natamka wazi kwamba fainali kwenda Zanzibar mara moja lilikuwa jambo la kheri. Mtu wa Unguja anazipenda Simba na Yanga kama mtu wa Mbulu. Lakini zamu haina maana ya kukaa. Na wenzetu wa visiwani wanalijua hili kuliko shirikisho letu. Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 halikuchezwa New Amaan. Lilipelekwa Gombani, Pemba. Wazanzibari wenyewe, wenye uwanja mpya unaong'aa mjini Unguja, waliona ni haki watu wa Pemba nao waone mpira mlangoni kwao. Kama Unguja inaweza kuikumbuka Pemba, kwa nini Ilala inashindwa kuikumbuka Babati?

Nitoke nje ya nchi kidogo, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuujui sheria zake. Marekani wana besiboli, mchezo wa gongo na mpira mdogo, wenye ligi ya klabu 30 kwenye miji mikubwa. Jimbo la Iowa halina hata klabu moja ya ligi hiyo. Mwaka 1982 mwandishi wa Kanada, W. P. Kinsella, alitoa riwaya iitwayo Shoeless Joe, kuhusu mkulima wa Iowa anayefyeka sehemu ya shamba lake la mahindi na kujenga kiwanja, na wachezaji waliokufa zamani wakaja kucheza. Mwaka 1989 riwaya ikawa filamu, ikapigwa kwenye mashamba ya mji mdogo wa Dyersville, wenye watu kama 4,000. Na Agosti 12, 2021, ligi yenyewe ikaja. Walijenga uwanja wa muda wa watu kama 8,000 katikati ya mahindi, Chicago White Sox na New York Yankees wakacheza mechi halali ya ligi, na White Sox wakashinda 9-8 kwa pigo la mwisho lililotua ndani ya mahindi.

Sitaki kuwapamba Wamarekani. Ile ilikuwa biashara ya runinga iliyovaa kofia ya shamba, na walirudi tena 2022. Lakini angalieni kilichowapeleka pale. Hawakwenda kwa sababu ya hoteli. Walikwenda kwa sababu mtu aliandika hadithi iliyofanya shamba la mahindi lionekane mahali panapostahili mechi kubwa, na hadithi ikakaa vichwani mwa watu hadi wenye ligi wakaona aibu kutokwenda. Hapo ndipo sisi wasomaji na waandishi tunapoingia. Uandishi wetu wa mpira una jiografia ya mitaa miwili, Msimbazi na Jangwani. Kwingine kote kuna neno moja: mikoani. Mikoani! Kana kwamba Dar es Salaam yenyewe si mkoa. Mtu wa Songea, wa Bukoba na wa Mbulu, wote tumekunjwa kwenye neno moja kama nguo kwenye shangazi kaja. Mahali pasipo na jina ni rahisi kupahamishia mechi, kwa sababu hakuna anayeona kilichopotea.

Lazima niseme pia kwamba uwanja huru unaweza kuwa dhuluma, maana naogopa nitaeleweka kwamba kila mechi inayohama ni baraka. Juni 2024 Kenya ilicheza mechi zake za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, mjini Lilongwe, Malawi, kwa sababu viwanja vyake havikukidhi viwango. Ule si uhuru, ni ukimbizi. Mechi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akaikosa. Na hapa kwetu, Ihefu iliyokuwa ya watu wa Mbarali ilihamia Singida mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Fountain Gate, iliyokuwa na jina la Singida, ndiyo iliyokuja kwetu Babati. Kwa hiyo hata ligi tuliyoiona Manyara msimu ule tuliipata kwa sababu wengine waliipoteza. Nilishangilia, lakini sikuweza kusahau kwamba kuna mtoto Mbarali aliyebaki na jezi ya timu isiyokuwepo.

Tofauti ndiyo hiyo, na ni rahisi kuikumbuka. Ukimpokonya mtu mechi yake ya nyumbani ukaipeleka kwingine, umemnyang'anya. Ukichukua mechi isiyo na mwenyewe ukaipeleka kwa asiyewahi kuwa nayo, umegawa. Soka letu linafanya lile la kwanza bila haya, na lile la pili, ambalo tulikuwa tunalifanya vizuri, tumeanza kuliacha.

Dai langu si la huruma. Orodha ya zamu iandikwe na itangazwe mwanzoni mwa msimu, kabla hatujajua nani atafika fainali. Mkoa uliopata usirudiwe hadi mingine yenye viwanja vinavyofaa iishe. Uwanja ukionekana haufai, sababu zitolewe kwa maandishi, hadharani, pamoja na tarehe ya kukaguliwa tena, ili halmashauri ijue ikanunue nini, nyasi au taa au vyoo. Na mkoa ulioahidiwa ukanyang'anywa uwekwe wa kwanza kwenye foleni. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti mpya. Yanahitaji karatasi na aibu kidogo.

Hadi hapo, ombi langu kwa watangazaji ni dogo. Fainali ikipangwa tena pale ilipozoea kupangwa, semeni uwanja wenye taa, semeni uwanja wenye hoteli jirani, semeni uwanja wa mdhamini. Msiuite huru. Neno hilo lina wenyewe, na wengi wao hawajawahi kuingia getini.